Barua ya wazi kwa wakubwa wa ardhi: hela inatoka leo, hati inahama baada ya miaka karibu mitatu

Waheshimiwa, shikamooni.

Nawaandikia nyinyi mnaosimamia ardhi ya nchi hii, kuanzia Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, Kamishna wa Ardhi, Msajili wa Hati, na pia nyinyi wa mahakama na wa kodi maana hili jambo linapita kwenye meza zenu wote. Mimi ni mama wa hapa Arusha, nauza mchele na maharage Soko la Kilombero, mume wangu anaendesha magari ya watalii. Sio mwanasheria, shule niliishia fomu foo. Ila tangu tununue nyumba nimejua mambo ya hati mpaka wenzangu sokoni wakitaka kununua kiwanja wananiita mimi kwanza, na yote nimeyajua kwa hela yangu na machozi yangu, kwahiyo naomba mnisome mpaka mwisho.

Kitu ninachotaka kuwaambia ni kimoja tu. Kwenye kununua nyumba kuna kipindi mnunuzi ameshatoa hela yake na nyumba bado sio yake. Kwa wengine ni wiki mbili, kwa wengine miaka. Kwenye hicho kipindi hamna mtu anayemlinda. Wakili ameshapiga muhuri na kuchukua chake, dalali ameshaondoka, muuzaji simu hapokei, na ofisini unaambiwa faili linafanyiwa kazi. Sheria zipo, tena nyingi, lakini zote zinamkuta mtu akiwa tayari ameshalipa.

Ilikuwa Juni 2022. Watalii walishaanza kurudi baada ya korona, mume wangu akapata safari za Serengeti zimefuatana, na mimi nilikuwa nimevunja kikoba. Dalali akatupeleka Muriet kuona nyumba, vyumba vitatu, choo cha ndani, ukuta wa nyuma haujapigwa plasta, uani kuna mwarobaini mmoja mkubwa. Niliupenda ule mwarobaini kabla hata sijaingia ndani. Bei milioni 38. Na ina hati, sio ofa, ile barua ya kupewa kiwanja kabla ya hati, hati kabisa, nikaishika mkononi, ina ramani ndogo kiwanja kimezungushiwa wino mwekundu na muhuri wa kuminya ambao ukipitisha kidole unausikia. Sisi tuliokulia kwenye viwanja vya kuandikishiana kwa mjumbe ukishika karatasi kama ile unaona umefika.

Tukafanya sechi, ule upekuzi kwa Msajili, majibu yakatoka safi: hamna mkopo, hamna zuio, mwenye nyumba ni mzee fulani. Shida ni kwamba huyo mzee alifariki 2019. Mtoto wake mkubwa alikuwa na muhtasari wa kikao cha ukoo, umesainiwa na baba wadogo wawili na shangazi, unasema ukoo umekubali yeye auze, na chini kuna muhuri wa bluu wa serikali ya mtaa. Tukampelekea wakili. Akausoma akasema inatosha, mambo ya mirathi yatamaliziwa mbele kwa mbele. Tukamwamini, kwani nani asingemwamini, amevaa tai, ana cheti ukutani, na tulikuwa tumemlipa.

Siku ya kusaini naomba niielezee vizuri kwa sababu nafikiri kila kitu kilichoharibika kiliharibika pale.

Tulikuwa watu tisa kwenye chumba kidogo ghorofani. Watoto watatu wa marehemu, baba mdogo mmoja, sisi wawili, dalali, wakili, na mama mmoja mtu mzima amekaa kwenye stuli karibu na mlango, mkoba ameuweka mapajani. Huyo ni mke wa pili wa marehemu, ndio alikuwa anaishi mle ndani ya ile nyumba. Mkataba ulikuwa kurasa saba, Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Mume wangu Kiingereza chake ni cha porini, cha simba na tembo, mimi naelewa nusu nusu. Tulipofika kwenye kusaini yule mama akapewa karatasi, akaigeuza, akauliza, "Hii inasema nini?" Kijana mkubwa akamwambia, inasema nyumba ya baba imeuzwa, mama weka dole hapo. Wakili alikuwa anatafuta kidau cha wino kwenye droo. Mama akaweka dole. Akajifuta wino kwenye pindo la kanga, halafu akauliza tena, sauti ya chini kabisa, "Na mimi naenda kulala wapi?"

Hakuna aliyemjibu, na mimi sikumjibu. Nilikuwa nahesabu hela, milioni 30, noti elfu tatu za elfu kumi kumi kwenye mfuko wa rambo, kwa sababu watoto walikataa benki, kila mmoja alitaka fungu lake pale pale. Milioni nane zilizobaki tungemalizia hati ikihama.

Tukapeleka makaratasi ofisi ya ardhi. Kijana wa mapokezi akafungua faili, akauliza, huyu mwenye jina yuko wapi? Tukasema ni marehemu. Akauliza, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ni nani? Tukampa muhtasari wa ukoo. Akatuangalia kwa huruma kabisa, akatuvutia viti akatuelekeza. Yule kijana kwa dakika tano alitufundisha kitu ambacho tulikuwa tumemlipa mtu mwingine atuambie. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu, anayeteua ni mahakama. Msimamizi akishateuliwa, anakuja kusajiliwa kwenye hati kwanza kama msimamizi wa mirathi, halafu ndio yeye anamhamishia mnunuzi. Yaani hati inahama mara mbili, kutoka kwa marehemu kwenda kwa msimamizi, kutoka kwa msimamizi kuja kwetu. Na mpaka hapo hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kutuuzia ile nyumba. Tulikuwa tumenunua kwa watu ambao kisheria walikuwa hawauzi kitu.

Watoto wakaenda kufungua mirathi. Tangazo likabandikwa, na yule mama akaenda kuweka pingamizi.

Nataka niliseme hili wazi mbele ya kila mtu: mama yule alikuwa na haki. Kwa miezi mingi nilimchukia, nilimuona ndio anatuzuia, mpaka siku moja nikiwa nimekaa naye benchi moja nje ya mahakama tukisubiri kuitwa akanigawia nusu ya andazi lake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wakati ndoa ipo mume hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke wake. Kwahiyo mzee angekuwa hai asingeweza kuiuza bila kumuuliza yeye. Sasa mzee amekufa, watoto wameiuza, na ridhaa ya mama ni dole kwenye karatasi ambayo hakuna aliyemsomea. Hata kama ni wewe ungekubali?

Ile kesi iliisha kwa makubaliano. Akateuliwa binti wa marehemu kuwa msimamizi badala ya kaka yake, na zile milioni nane zetu zilizobaki, sita akapewa mama. Hati ya majina yetu mawili, langu na la mume wangu, ilitoka Machi 2025. Muda wote huo tulikuwa tumepanga Kwa Mrombo, laki na nusu kwa mwezi, miezi 33. Pigeni hesabu, ni milioni nne laki tisa na hamsini, hela ambayo ingepiga plasta ule ukuta wa nyuma na kununua tenki. Siwadai, nawaonyesha tu ule muda wa katikati unakula nini kwa mtu.

Sasa waheshimiwa, ninachoomba.

Naanza na zuio kwa sababu hilo halihitaji hata sheria mpya. Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura 334, tayari inaruhusu mtu mwenye maslahi kwenye ardhi iliyosajiliwa aweke zuio ili isihamishwe bila yeye kujulishwa. Wengi hatujui, na tunaojua tunadhani zuio ni la watu wenye ugomvi, mpaka mgombane ndio uende. Kumbe mnunuzi aliyesaini mkataba na kulipa nusu ana kila sababu ya kuliweka siku hiyo hiyo. Mimi naomba liwe jambo la kawaida kabisa, liwe sehemu ya hatua zenyewe: umesaini, unapeleka nakala ya mkataba kwa Msajili, dirisha lile lile ulilofanyia sechi, linawekwa zuio la muda, tuseme siku 90, muuzaji anapata meseji, mnunuzi anapata meseji. Kwa sababu sechi inakuambia hali ya leo saa nne asubuhi. Saa nane mchana muuzaji anaweza kupeleka hati benki akachukua mkopo, au akamuuzia mwingine, na wewe karatasi yako ya sechi bado inasema safi. Mfumo mnao, mmeshaanza kuhamisha mambo kwenye e-Ardhi na hati za kielektroniki, kuongeza hiki kitu kimoja sioni kinashindikana wapi.

La pili ni hela zenyewe. Mbona mtu akikopa benki kununua nyumba, benki haitoi hata shilingi mpaka ihakikishe hati, muuzaji, ridhaa ya mke au mume, kila kitu? Benki inajilinda. Mimi ninayenunua kwa hela ya mchele najilinda na nini? Tunatoa mfuko wa rambo. Wekeni utaratibu hela ya nyumba ikae kwa mtu wa tatu, benki au wakili mwenye akaunti maalum ya wateja inayokaguliwa, muuzaji anaiona ipo ila anaipata usajili ukikamilika. Najua mtaniambia watu wanaweza kukubaliana hivyo wenyewe hata leo. Wanaweza, lakini ukimwambia muuzaji wa Arusha hela ikae benki anakuambia basi kuna mteja mwingine, na wewe unaogopa kukosa nyumba unatoa. Ikiwa ni utaratibu wa wote hakuna atakayesema hivyo.

Kuhusu marehemu. Cheti cha kifo kinatolewa na RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, hati iko Wizara ya Ardhi, namba ya NIDA iko kila mahali siku hizi mpaka kwenye laini ya simu. Kwa nini mtu aliyekufa 2019 na kifo chake kikasajiliwa, 2022 sechi inatoka inasema mwenye nyumba ni yeye bila hata mstari mmoja wa kunionya kwamba huyu hayupo tena duniani? Unganisheni hiyo mifumo. Na kwa mawakili, jamani, msisaini mkataba wa mauzo ya nyumba ya marehemu kama hamna barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Naomba wanaosimamia mawakili walifanye hilo kuwa kosa la kuulizwa. Nawashukuru Mahakama kwa e-Wakili, sasa hivi mtu anaweza kuandika jina la wakili akaona kama anaruhusiwa kufanya kazi, nami namwambia kila mtu aangalie. Ila wakili wangu mimi alikuwemo, alikuwa halali kabisa. Kuwa na leseni hakukumzuia kutuambia mambo yatamaliziwa mbele kwa mbele.

Halafu lugha. Tangu 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa ndio lugha ya sheria na ya mahakama. Nilifurahi sana niliposikia redioni. Sasa mbona mkataba wa nyumba ya Muriet, muuzaji Mtanzania, mnunuzi Mtanzania, wakili Mtanzania, mama wa kanga Mtanzania, uko Kiingereza? Zile fomu za kuhamisha, namba 29 ya kutoa taarifa, 30 ya kuomba kibali, 35 ya uhamisho wenyewe, mtu anasainishwa zote tatu hajui ipi ni ipi, nimeshuhudia kwenye steshenari za jirani na ofisi, kijana anachapa, anakuonyesha pa kusaini, unasaini. Wekeni zote za Kiswahili na muweke sharti kwamba anayeweka dole lazima asomewe kwa lugha anayoielewa mbele ya shahidi ambaye sio ndugu wa muuzaji, na huyo shahidi aandike kwamba nimemsomea. Kama pale ghorofani kungekuwa na mtu wa kumsomea mama ule mkataba, angekataa siku ile ile, sisi tungerudi na mfuko wetu nyumbani, na kila mtu angeokoka.

Kwenye kodi sitakaa sana ila kuna kitu kinaniuma. Kodi ya faida ya mauzo, kapito geini kama wanavyoiita mtaani, kwa mtu binafsi mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida na ni ya muuzaji. Ushuru wa stempu ni kama asilimia moja ya bei. Msajili hahamishi hati mpaka TRA watoe cheti kwamba kodi ya muuzaji imelipwa. Mpaka hapo sawa, nchi inahitaji kodi. Lakini mtaani muuzaji anakuambia bei hiyo ni ya mkononi, kodi zote juu yako, na kwa sababu bila kile cheti wewe ndio hupati hati, unalipa kodi ya faida ambayo hukuipata wewe. Tena wapo wazee wanauza nyumba waliyoishi wenyewe miaka zaidi ya mitatu, faida haizidi milioni 15, sheria ya kodi inawaondoa, hawajui, na hakuna bango hata moja linalowaambia. Na stempu ina siku 30 tangu kusaini, ukichelewa kuna adhabu, wakati uthamini wa nyumba na kibali cha kuhamisha vinaweza kupita hizo siku vikiwa mikononi mwenu nyinyi na sio mwangu.

Kwa sababu ya hayo watu wanaandika mikataba miwili. Mnajua, kila mtu anajua. Mmoja wa bei ya kweli unabaki kabatini, mmoja wa bei ya chini unaenda ofisini. Na sisi tulishauriwa, dalali akasema andikeni milioni 22. Mume wangu akakataa, akasema kama nimelipa 38 karatasi iseme 38, na leo namshukuru Mungu kwa ule ubishi wake. Mama mmoja tunayeuza naye sokoni yeye aliandika nusu. Mauziano yakavunjika, kumbe eneo lilikuwa limeshauzwa kwa mwingine, akaenda kudai hela yake, muuzaji akatoa ule mkataba wa chini akasema nilipokea hiki tu. Alibaki anatoa macho. Amedanganya serikali, ndio, lakini alidanganya kwa sababu kila aliyekuwa pale alimwambia ndivyo inavyofanyika, na aliyekula ile hela hakuguswa. Mthamini akija anatoa thamani yake bila kujali mmeandika nini, kwahiyo mara nyingi huo uongo hauokoi hata kodi. Waambieni watu hilo. Litangazeni redio za huku kwetu kwa lugha rahisi.

Na serikali ya mtaa. Tulipoenda kugongewa muhuri tukaambiwa kuna asilimia 10 ya mtaa, yaani milioni tatu na laki nane. Nikauliza inakatiwa risiti ya namna gani, nikaambiwa hiyo ni desturi. Tukapatana mpaka laki tano. Mimi nimezoea kupatana bei ya maharage, sijawahi kuona malipo ya serikali yanayopatanishwa. Sijaonyeshwa kifungu cha sheria mpaka leo. Kama ipo, wekeni kiwango na namba ya malipo watu walipe kama wanavyolipa kodi ya pango la ardhi. Kama haipo, toeni waraka ubandikwe kwenye kila ofisi ya mtaa kuanzia Muriet mpaka Ngaramtoni, useme haipo.

Nisiwe mtu wa kulalamika tu. Mlipoweka ofisi za ardhi kila mkoa mwaka 2020 mlitusaidia kweli, zamani mambo ya Msajili mtu wa Arusha ilibidi ushuke Moshi, nauli, siku nzima, ukifika mhusika yuko kikaoni. Na yule kijana wa mapokezi aliyetuelekeza bila kuomba hata soda, kama kuna namna ya kupongeza watu kama wale pongezeni.

Moshi nako kuna ya kwake. Mume wangu ni wa Kibosho, na kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, hakina hati, kina mimea ya masale mpakani na wazee wanaokumbuka. Siku hizi vijana wanauza vipande vya kihamba kwa watu wa mjini, mkataba wa karatasi moja, wazee watatu mashahidi, basi. Hao wazee wakifariki mashahidi wamekwisha. Huko sijui niwaombe nini zaidi ya kupima na kuwaandikisha watu wakati wanaokumbuka mipaka bado wapo, maana kesi zinazokuja huko zitakuwa za ndugu kwa ndugu. Mabaraza ya kata nayo tangu 2021 hayaamui tena, yanasuluhisha tu, na msipopatana mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako ni foleni.

Kwahiyo nikirudi kwenye lile la kwanza: ule muda wa katikati. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, na sisi tunaandika. Inataka kibali, tunaomba. Inataka usajili, tunasubiri. Mnunuzi mdogo anafuata kila kitu kwa uaminifu na bado kuanzia siku anayotoa hela mpaka siku jina lake linaingia kwenye daftari la Msajili amesimama peke yake. Wekeni basi mlangoni kwa kila ofisi karatasi moja kubwa ya Kiswahili: hatua ya kwanza hii, bei yake hii, siku zake hizi, anayehusika huyu, zikipita siku piga namba hii. Mtu akisoma pale kwamba usitoe hela kabla ya barua ya usimamizi wa mirathi, mwenye hati akiwa marehemu, mtakuwa mmeokoa watu wengi kuliko kesi kumi mtakazoamua vizuri.

Yule mama sasa anakaa Ngaramtoni kwa mtoto wa dada yake, alijenga chumba na sebule kwa zile milioni sita na akiba yake. Nilienda kumsalimia Pasaka nikampelekea mchele kilo kumi. Aliniuliza kama mwarobaini bado upo. Nikamwambia upo.

Nawaandikia leo na sio mwezi ujao kwa sababu kuna binti anauza nyanya meza ya pili kutoka kwangu, yeye na mume wake wamepata nyumba Olasiti, milioni 27, hati ya jina la babu yake muuzaji, na muhtasari wa ukoo upo, umegongwa muhuri wa bluu. Juzi amenionyesha kwenye simu. Nimemwambia asubiri, aende kwanza mahakamani akaulize kama kuna msimamizi. Muuzaji amemwambia kuna mteja mwingine, hela inatakiwa Jumamosi.